Bati limepauka na waranti unayo: ugonge dukani, kiwandani au kwa Tume?

Mvua ya kwanza ya Desemba hapa Dodoma huwa hatuiachi ipotee. Mgawo wa maji umetufunza adabu: gata zote zinaelekea kwenye simtanki, na watu husimama barazani kusikiliza tu linavyojaa. Mwaka ule nilipofungua bomba nijaze ndoo, yakaja maji yenye magamba madogo ya rangi ya damu ya mzee. Nikasema ni vumbi la Iyumbu, maana upepo wa Agosti na Septemba hutandika udongo mwekundu juu ya kila kitu. Nikayasugua yale magamba kati ya vidole. Ilikuwa rangi. Paa langu lilikuwa linateremka tangini kidogo kidogo, halijatimiza hata miaka mitano, na kabatini nina cheti cha waranti kilichoandikwa miaka 15.

Sikuwa peke yangu. Mwalimu mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, aliezeka vigae vya bati vyenye changarawe, vile vinavyotangazwa kwa waranti ya miaka 50, na sehemu mbili za paa lake zilikuwa zimeota vipara. Kijana mmoja tunayesali naye, anayejenga Nzuguni, alilipia mabati ya unene wa geji 28 akaletewa kitu kingine kabisa. Tukadai wote watatu, kila mmoja kwa mlango wake: kijana dukani, mimi kiwandani, mwalimu akaanza kwa wakala wa vigae na kuishia Tume ya Ushindani. Mtu akiniuliza leo agonge mlango upi, namjibu kwa swali: ubovu umeuona lini, na mabati yako yameshapigiliwa au bado yamelala chini?

## Paa moja, ahadi tatu

Neno "waranti" limetuchanganya. Tunalitaja kana kwamba kuna mtu mmoja mahali fulani anayewajibika kwa paa zima. Kumbe paa moja linabeba ahadi tatu za watu watatu.

Wa kwanza ni muuzaji. Yeye anafungwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, hata kama hakukupa karatasi yoyote zaidi ya risiti. Bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, iwe na ubora wa kuuzika, na kama ulimweleza kazi unayoitakia ukategemea utaalamu wake, ifae kazi hiyo. Wa pili ni mtengenezaji, na ahadi yake ndiyo hasa waranti: imo kwenye cheti, na inabeba kilichoandikwa pale, si zaidi. Wa tatu ni fundi aliyepaua. Maji yakipenya kwenye tundu la msumari au chini ya kofia ya paa iliyokaa vibaya, usipande basi kwenda kiwandani, kwa sababu hiyo ni kazi ya mikono yake. Mafundi wetu wengi hutoa waranti ya mdomo: "Mama, likivuja nipigie." Mvua zikianza, namba haipatikani.

Ukikosea ahadi, unakosea mlango, na kila mlango uliokosea unakula miezi.

## Dukani: haraka sana, ila mlango hufungwa mapema

Kijana wa Nzuguni alipata haki yake kabla yetu sote kwa sababu moja tu: hakupaua siku mzigo ulipofika. Alikuwa bado anasubiri mbao za kenchi. Fundi wake aliinua bati moja, akalitikisa, akasema, "Kaka, hili linacheza kama karatasi."

Namba ya geji inavyopanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni takriban milimita 0.4, geji 30 takriban 0.3, geji 32 takriban 0.25. Kwa macho huoni kitu, hasa bati likiwa la rangi. Wakaenda kwenye karakana yenye maikromita wakapima mabati matano, kila moja sehemu tatu. Yalisoma kati ya 0.31 na 0.33, rangi ikiwemo. Hilo la rangi kuwemo lishike vizuri, maana muuzaji akibanwa hujitetea kwamba unene alioutaja ni wa jumla, pamoja na mipako, wakati mnunuzi alidhani ni wa chuma kitupu. Uliza kabla ya kulipa, na jibu liandikwe kwenye ankara.

Alirudi dukani na mabati mawili juu ya bajaji ya mizigo, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na ankara inayosema geji 28. Maneno yalikuwepo, hata meneja akaitwa. Lakini siku ya nne lori likaja kuchukua mzigo na kuleta mwingine. Hakuhitaji cheti, wala mkaguzi, wala mwanasheria. Bidhaa hailingani na maelezo na haijaguswa na msumari, hapo muuzaji hana pa kujificha.

Sasa mimi. Nilipofika kwenye duka lililoniuzia, mwaka wa tano ukiwa umeshaanza, dada wa kaunta aliniangalia kwa huruma. "Mama, sisi tunauza tu. Nenda kiwandani." Nilitoka nimenuna, ila baadaye nilikiri hakukosea sana. Ukishapokea mzigo na kuupigilia, umeukubali. Huwezi tena kuukataa na kudai pesa yako yote, kinachobaki ni kudai fidia ya hasara. Halafu kuna saa inayohesabu: madai ya mkataba yana miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, na muuzaji atakwambia saa hiyo ilianza siku alipokukabidhi mabati. Miaka 15 ya kwenye cheti ni ahadi ya kiwanda. Haimrefushii mwenye duka hata siku moja.

Kwa hiyo duka ni la ubovu unaoonekana kabla ya msumari wa kwanza. Geji pungufu. Urefu pungufu, ambao ni kazi ya Wakala wa Vipimo pia. Rangi mbili tofauti ndani ya mzigo mmoja. Mabati yaliyobonyea. Na ile kutu nyeupe ya mabati yaliyorundikwa yakiwa na maji katikati yake: usiipokee hata ukipewa punguzo, kwa sababu kesho kiwanda kitasema ni uhifadhi mbaya, na uhifadhi si jambo la waranti.

## Kiwandani: njia ndefu yenye malipo makubwa kuliko zote

Cheti changu ni ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Mbele kuna miaka 15 kwa herufi za kuonekana toka barabarani. Nyuma kuna herufi za kusomea kwa miwani. Tangu mkasa huu nimesoma vyeti vinne, changu na vya majirani, na vyote vina mifupa ileile. Kinacholipwa ni bati kutoboka kwa kutu, rangi kubanduka, na wakati mwingine rangi kupauka kwa mabaka. Paa likipauka lote sawasawa, ama halilipwi, ama linalipwa kwa muda mfupi kuliko ule wa mbele ya cheti. (Kiswahili nacho kina utani wake: kupaua na kupauka zimetenganishwa na herufi moja.)

Jua letu si la mchezo. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua tunaiona kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Miezi inayobaki ni anga tupu. Ndiyo maana upande wa paa unaosema zaidi ni ule usiopigwa sana na jua. Katikati ya mwaka jua hupita kaskazini mwetu, na upande wa magharibi hubeba joto la alasiri, hivyo huko rangi ikichoka mapema kiwanda kinaweza kulilaumu jua. Lakini ukikuta hata uso wa kusini umeanza kutoa magamba, una hoja nzito kwamba rangi haikushika tangu kiwandani. Piga picha nyuso zote nne, hata ule unaoona ni mzima.

Sasa visivyolipwa, na hapa ndipo madai mengi ya Dodoma yanapofia. Cha kwanza ni grinda. Nionyeshe fundi wa mtaani asiyekata bati kwa grinda nami nitakununulia zabibu kilo mbili. Cheche za grinda ni vipande vya chuma vyenye moto. Vinaunguza rangi na mipako pembeni mwa mkato, na vile vinavyotua juu ya bati hujichimbia humo na kuanza kutu kabla bati lenyewe halijaanza. Vyeti vinataka mkasi wa bati au mashine ya kunyofoa isiyotoa cheche. Baada ya grinda kuna mota ya saruji iliyomwagikia bati ikaachwa, kugusana na shaba au madini ya risasi, mbao zilizotiwa dawa yenye shaba zikapigiliwa zingali mbichi, mteremko mdogo kuliko uliotajwa, na mtu kupaka rangi juu ya rangi. Kuna na kifungu cha umbali kutoka baharini, ambacho sisi wa bara tunakiruka kwa furaha. Bati likiwa limeng'olewa na upepo, hiyo ni habari ya bima na ya idadi ya misumari, hakuna kiwanda kitakachoisikiliza.

Ushahidi wangu ulikuwa nusura unitoke. Risiti ya EFD imechapwa kwenye karatasi ya joto, na kwenye bahasha yangu ilikuwa imegeuka nyeupe kabisa, hakuna tarehe, hakuna kiasi. Kilichoniokoa ni picha ambayo siku ya manunuzi nilimtumia mume wangu kwenye simu ili tusigombane kuhusu bei. Ukinunua leo, toa nakala leo.

Mkaguzi wa kiwanda alikuja kutoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR asubuhi na kurudi nayo jioni. Alifanya mambo matatu. Aliingia darini akasoma maandishi ya mgongoni mwa bati: jina la kiwanda, geji, mipako, namba ya uzalishaji. Akabandika selotepu juu ya rangi na kuing'oa kwa mkupuo. Ikatoka na ngozi nzima. Kisha akazunguka na ngazi akipiga picha kingo za mabati, na pale moyo ukanidunda maana nilimkumbuka fundi na grinda lake.

Hayo maandishi ya mgongoni yana siri yake. Mabati mengi ya rangi siku hizi yamepakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4, inayobaki silikoni. Ukiona AZ150 maana yake gramu 150 za mchanganyiko huo kwa mita ya mraba, pande mbili zikijumlishwa; AZ70 ni chini ya nusu yake. Mabati mawili ya geji moja na rangi moja yanaweza kuwa na maisha tofauti kabisa kwa sababu ya namba hiyo, na dukani sijawahi kusikia mtu akiiuliza. Tunauliza geji na bei, basi.

Jibu lilikuja wiki ya saba. Uso wa kaskazini na wa magharibi, wamekubali: ubovu wa rangi. Kutu ya kingo za chini kuzunguka nyumba, wamekataa: grinda. Nilipandwa na hasira, nikaita fundi mwingine, tukapanda naye. Kutu ilikuwa imefuata mstari wa mkato kama imechorwa kwa rula. Hawakunionea.

## Mabati mapya au pesa taslimu?

Barua ilinipa nichague: mabati mapya kwa nyuso mbili, au pesa. Hapa nilikaa siku tisa na kikokotoo, na natamani mtu angekaa nami.

Kiwanda hakirudishi pesa yote. Kwa kawaida malipo hupungua mwaka hadi mwaka, kulingana na muda uliobaki kwenye waranti. Chukua namba rahisi za kufanyia hesabu. Mabati yaligharimu milioni 6, waranti ni miaka 15, ubovu umekubaliwa miaka mitano baadaye. Imebaki miaka 10 kati ya 15, kwa hiyo pesa ni milioni 4. Inavutia, hasa mwezi wa Januari wenye ada za shule. Ila hiyo milioni 4 imepigwa kwa bei ya risiti ya zamani. Ikiwa mabati yaleyale leo yanauzwa milioni 8, umepewa nusu ya paa.

Ukichagua mabati, mita kwa mita, kupanda kwa bei kunakuwa mzigo wa kiwanda. Hata kama wanakutaka uchangie theluthi kwa ile miaka mitano uliyokwisha kuitumia, na hata kama theluthi hiyo inapigwa kwa bei ya leo, utatoa milioni 2 na laki 6 na ushee kupata mali ya milioni 8. Ukiondoa mchango wako umebaki na faida ya zaidi ya milioni 5, ukilinganisha na milioni 4 za taslimu. Bei za vifaa vya ujenzi zikiwa zinapanda, mabati yanaishinda pesa. Tangu serikali ilipohamia huku na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, sijaona bei ya kitu cha ujenzi ikishuka hapa.

Lakini mabati hayaji na fundi. Kung'oa ya zamani, kupigilia mapya, misumari, kofia, usafiri wa kilomita 450 kutoka Dar, vyote kwenye cheti changu ni juu yangu. Nyuso mbili zilinigharimu milioni 1 na laki 3 za fundi na vifaa vidogo. Usafiri niliwaomba wauchukue wao, wakakubali bila mabishano, kumbe lori lao huja Dodoma kila wiki. Omba. Lisiloandikwa linaombeka.

Pesa nayo ina watu wake. Anayetaka kuachana na aina hiyo ya bati, aende vigae au aina nyingine ya mabati, atazijutia nyuso mbili mpya za kitu asichokitaka. Yule ambaye rangi yake au migongo ya bati lake haitengenezwi tena, atapewa "inayofanana," na paa litakuwa kama suruali yenye kiraka. Huyo achukue pesa. Na yule ambaye bati lake limechakaa rangi tu, chuma kizima, anaweza kuchukua pesa, akapaka rangi ya paa, akabaki na chenji. Ajue tu kwamba akishapaka, waranti ya kilichobaki amekwisha kuizika.

Kuna na mtumishi anayetarajia uhamisho na atauza nyumba. Vyeti vitatu kati ya vile vinne nilivyosoma vinamtambua mnunuzi wa kwanza peke yake. Kama unauza ndani ya mwaka, pesa iko mkononi mwako. Mabati mapya ni zawadi kwa mnunuzi wako, isipokuwa utayaingiza kwenye bei. Na ukinunua nyumba Ilazo au Kisasa kwa maneno "bati bado lina waranti miaka tisa," omba kuona nyuma ya cheti.

Kabla sijasaini nilirudisha barua mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kuhusu muda: mabati mapya yanaanza waranti mpya, au yanamalizia ile ya zamani? Ni ya zamani, wakasema, na walikataa kusogea. Mara ya pili ilikuwa sentensi iliyosema nimemaliza madai yote "kuhusu paa." Nikataka isomeke "kuhusu nyuso mbili zilizotajwa," kwa sababu upande wa mashariki na wa kusini bado ni mabati ya mzigo uleule, na ukianza kubanduka mwaka wa nane sitaki mtu anionyeshe saini yangu. Walibadilisha siku hiyohiyo.

Pia nilikataa mabati ya kupachika moja moja. Mkaguzi alihesabu mabati mabovu 19. Nikasema rangi mpya kando ya iliyopauka itaonekana kama mabaka, nanyi kwenye cheti mnalipa mabaka. Alicheka. Akaandika nyuso nzima.

## Vigae vya miaka 50, na hadithi ya ng'ambo

Paa la mwalimu ni bati lililofunikwa kwa changarawe zilizogandishwa kwa gundi maalumu. Changarawe chache kukutwa kwenye gata mvua za mwanzo ni kawaida, ni za ziada kutoka kiwandani. Kipara chenye ukubwa wa sinia si kawaida. Cheti chake kilikuwa cha kampuni ya ng'ambo, kimegongwa muhuri na wakala wa hapa nchini, na wakala alikuwa amehama ofisi bila kuaga.

Hapa msimamo wangu uko wazi: kati ya waranti ya miaka 15 ya kiwanda ninachoweza kukifikia na ya miaka 50 ya kampuni iliyo nyuma ya wakala, nachukua 15. Paa la vigae lenyewe linaweza kuwa bora, halipigi kelele mvua ikinyesha, joto lake ni afadhali. Nazungumzia karatasi.

Vigae vya lami, vinavyopigiliwa juu ya mbao bapa, huku ni vichache na siwezi kumshauri mtu kwa uzoefu. Lakini Wamarekani wamegombania sana waranti zake. Mojawapo ya kesi kubwa, ya kundi la wenye nyumba dhidi ya kampuni ya CertainTeed juu ya vigae vilivyotengenezwa kati ya mwaka 1987 na 2005, ilimalizika kwa maridhiano yaliyoidhinishwa na mahakama ya Pennsylvania mwaka 2010. Nako ilibidi kila mwenye nyumba athibitishe kwamba vigae vyake ndivyo vyenyewe, kama mimi na maandishi ya darini. Kwetu pia sheria ya mashauri ya madai inaruhusu mtu mmoja kushtaki kwa niaba ya wengi wenye dai moja, kwa ruhusa ya mahakama. Mtaa mzima ulionunua mzigo mmoja ungeweza kukaa kikao na kufikiria hilo.

## Tume, TBS na mahakama

Mwalimu alikwenda Tume ya Ushindani, FCC, baada ya barua tatu kwa wakala kukosa jibu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na kiwango cha bidhaa, na Tume hupokea malalamiko. Ila Tume si wakili wako. Kazi yake ni mwenendo wa soko, kwa hiyo uandike lalamiko linaloonyesha upotoshaji, si huzuni yako: walitangaza hivi, waliuza hivi, nimekuta hivi, niliandika tarehe hizi, hawakujibu. Mwalimu aliandika kurasa mbili na viambatisho kumi na kimoja, walimu bwana. Wakala alipopata wito, anwani mpya ilijulikana ghafla. Mwalimu alibadilishiwa vigae vya sehemu zenye vipara, kazi ya fundi juu yake, miezi kumi tangu barua ya kwanza.

TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ni kwa swali jingine: je, bidhaa imekidhi kiwango? Ukikuta geji ya uongo kwenye mabati yenye alama ya ubora, wao wanaweza kumfuata mwenye bidhaa sokoni. Pesa yako mfukoni haitarudishwa na maabara yao, lakini majibu yao yana uzito mbele ya yeyote utakayemdai.

Mahakama niiseme kwa kifupi. Inafaa pale hasara imevuka paa, kwa mfano dari limeanguka na vyombo vimeharibika, kwa sababu vyeti vya waranti havilipi vilivyo chini ya bati, wakati fidia ya kisheria inaweza kufika huko. Karani atakuelekeza kama dai lako ni la Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya kulingana na aina na thamani yake. Kabla ya hapo tuma barua ya madai yenye siku za kujibu, na uihesabu ile miaka 6 kwa vidole. Anayesubiri kiwanda kimjibu anaweza kuipitisha akiwa ameketi tu.

Kama ningekuwa na mabati yaliyolala chini leo, ningeenda dukani kesho asubuhi. Kama yameshapigiliwa na maandishi ya darini yanasomeka, kiwandani, nikachukua mabati badala ya pesa. Tume ningewaachia wasiojibiwa.

Siku ya kupigilia, fundi wa safari hii alikuja na mkasi wa bati, nilimkagua begi langoni. Alipomaliza akaniuliza kama anaweza kuondoka na yale ya zamani, ana banda analoezeka Nkuhungu. Nikamwambia asubiri kwanza, maana barua ya kiwanda inasema mabati yaliyotolewa ni mali yao na watayafuata. Huu ni mwezi wa nane tangu siku hiyo. Yamelala nyuma ya stoo, na kuku wameshataga chini yake.